Maziwa ya Bondeni

Kambi ilikuwa juu ya mawe meusi, kando ya barabara ya Sake, karibu na ziwa dogo la maji ya kijani ambalo Wabelgiji waliliita Lac Vert. Mukantwari alifika pale na mume wake Ndayambaje, mama mkwe wake Nyiransengimana, na mtoto wao Célestin aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Walitoka Rwanda, milima ya nyuma ya Gisenyi, kwa sababu Leta, yaani serikali ya Wabelgiji, ilikuwa imepita kila kilima ikitangaza kwamba kule Masisi, upande wa Congo, kuna ardhi tele, njooni mhamie. Ntirenganya, kaka yake Ndayambaje, alikuwa ametangulia, na alikuwa ametuma neno kwamba viazi vya kule vinakuwa vikubwa kama ngumi ya mtu mzima.

Kambi ilikuwa ya kupita tu. Muganga anakutazama macho na ulimi, unachomwa sindano, unapanda kamyo, lori kubwa la Leta, unakwenda. Walipofika, kamyo zilikuwa bado zinaondoka, na watu walikuwa wakiimba juu yake. Halafu zikaacha kuja.

Siku moja mkubwa wa kambi, kijana Mbelgiji aliyeitwa Bwana Henri, alipanda juu ya jiwe na kusoma maneno ya Kifaransa. Karani wake Donat, Munande wa Butembo, mtu mpole mwenye kukohoa kabla ya kusema, akayageuza kwa Kiswahili.

"Leta imebadilisha sheria ya kuhama," Donat alisema. "Masisi imejaa. Wenye kuwa kule tayari watabaki. Wenye kuwa njiani watangojea."

"Tutangojea nini?" Ndayambaje akauliza.

Donat alimgeukia Bwana Henri, wakasemezana kidogo, akarudi kwa watu. "Mutangojea kuambiwa."

Watu walirudi kwenye vibanda vyao na kuketi milangoni. Kurudi Rwanda hakukuwezekana, maana siku waliyofunga mizigo, chifu alikwisha kugawa mashamba yao kwa wengine, na wengine walikwisha kulima. Kwenda mbele hakukuwezekana, kwa sababu kwenye daraja la Sake kulikuwa na polisi. Basi wakabaki juu ya mawe, watu wasio wa mbele wala wa nyuma, na miezi ikapita.

Vitu vya kambi vikaanza kupungua. Kwanza mablanketi, kisha chumvi, kisha muganga mwenyewe, aliyehamishwa mjini. Watu walikuwa wanaona kwa macho yao pesa za Leta zinakokwenda. Kamyo zilipita barabarani zimejaa saruji na mawe ya kuchonga, zikienda Goma, kwenye barabara mpya ya kando ya ziwa kuu ambako bazungu walikuwa wanajengewa hoteli zenye maua. Kitu kimoja tu hakikupungua, nacho ni maziwa. Yalikuwa maziwa ya unga, katika mapipa mepesi ya karatasi ngumu, na yalitoka mbali, kwa watu wa nchi nyingine kabisa ambao hawakuwa hata Wabelgiji. Watu hao walikuwa wamesema maziwa ni ya watoto wa kambi ile, na kwa sababu hiyo kambi ilipaswa kuendelea kuwapo.

Mapipa yakataka nyumba. Huko juu palikuwa jiwe tupu, lenye meno, ambalo hata kigingi hakikuliingia. Chini ya kambi palikuwa na bonde dogo la mviringo, kama bakuli, na ndani yake majani mabichi sana, mabichi kuliko majani yote ya pande zile. Hapakuwa na njia ya mbuzi ndani yake. Wanawake wa Kihunde, wenyeji wa huko, waliopita na mizigo ya ndizi, kamba zikiwa kwenye paji la uso, hawakukatisha bondeni hata siku moja. Walizunguka juu, ukingoni, ijapokuwa njia ile ilikuwa ndefu na ya kuumiza miguu.

Mukantwari alimwuliza mmoja wao kwa nini.

"Ni mazuku," yule mama akajibu, bila kusimama. "Pepo mubaya. Inalala chini ndani ya majani. Ukilala nayo, hauamuki."

Donat alilisikia jambo hilo pia, na alilipeleka kwa mkubwa wake. Jioni alimsimulia Ndayambaje huku wakivuta tumbaku. "Nilimuambia. Akasema, kusawazisha jiwe la huku juu kunaomba baruti, na baruti yote ya mwaka huu iko kwenye barabara ya hoteli. Akasema bonde Mungu amelisawazisha bure."

Wakajenga nyumba ya maziwa mle bondeni, ya mabati, na mbele yake wakaweka mafiga makubwa ya kupashia maji.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Maziwa yaligawiwa jua likiwa limepanda na upepo wa ziwani umeanza kuvuma. Watoto walishuka mbio na vikopo vyao, wakanywa wamesimama, wakapanda. Lakini wale waliotangulia kushuka alfajiri waliona mambo. Walikuta ndege wadogo wamelala juu ya majani, mbawa zimekunjwa vizuri, bila damu wala jeraha. Mbwa wa mlinzi alikutwa amejikunja mbele ya mlango kama mwenye kuota, na alikuwa baridi. Na moto wa mafiga, asubuhi zisizo na upepo, haukuwaka. Kiberiti kiliwaka juu mkononi, ukikishusha kuelekea kuni kinazimika, si kwa kupepea, bali kama mtu amekifinya kwa vidole.

Halafu Nyiransengimana akapotea.

Mukantwari aliamka akakuta mkeka wa mama mkwe wake mtupu. Kulikuwa kumepambazuka, na ukungu umesimama juu ya bonde bila kusogea. Alimwona mzee ameketi katikati ya majani, miguu ameinyoosha, mikono juu ya mapaja, kama mwanamke anayengoja kuhudumiwa arusini. Akashuka kwenda kumchukua. Alipofika chini alisikia ukali puani, kama wa pombe iliyochacha, na kifua chake kikaanza kutafuta pumzi bila kuipata. Akamshika mzee kwapani, akamkokota hadi kwenye mawe ya juu. Pale wakaanguka wote wawili.

Nyiransengimana alitapika, kisha akafumbua macho.

"Umenitoa kwa batu," akasema.

"Batu gani, mama?"

"Batu wengi. Walikuwa wameketi kwa mistari, wanangoja. Hakuna aliyesema neno. Dada yangu alikuwa pale, na watoto wadogo wengi sana ambao siwajue." Alimshika mkwewe mkono. "Hawakuwa na huzuni, Mukantwari. Hilo ndilo linaniogopesha. Usimushushe mutoto mugongoni ukienda kule. Hata akilia, usimushushe."

Dada huyo wa mzee alikuwa amekufa wakati wa njaa, kabla Mukantwari hajaolewa. Mukantwari hakumwambia mtu maneno yale isipokuwa Dancille, jirani yake wa kibanda cha pili, ambaye alikuwa mjane na alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana aliyeitwa Marie-Louise. Dancille alicheka kidogo. Alisema wazee wakikaa muda mrefu mahali pasipokuwa pao, kichwa kinarudi nyumbani peke yake. Na kweli, asubuhi ile yenyewe jua lilipopanda, watoto walikunywa maziwa mle bondeni, na hakuna aliyeumia.

Wakati wa kiangazi likaja neno kwamba wageni wanakuja. Walikuwa watu wa ile nchi ya maziwa, bwana mmoja na bibi mmoja, pamoja na mkubwa kutoka Bukavu na mtu wa kupiga picha. Wangepita asubuhi na mapema, maana walikuwa na safari ya Rutshuru kwenda kutazama tembo na viboko, na mkubwa hakutaka jua liwachome njiani. Kambi ikafagiliwa. Watoto wakapewa mashati meupe, ambayo yangerudishwa baada ya picha.

Donat alizunguka vibanda akiwaita mama za watoto. Mukantwari akamsimamisha.

"Karani, asubuhi namna hiyo haifai. Moto utakataa."

"Najua, mama."

"Basi muambie."

"Nimemuambia. Amesema maziwa yachemshwe huku juu, yateremushwe na ndoo." Alikohoa. "Nimemuambia mara mbili. Ya tatu atatafuta karani mwingine."

Siku ile hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Moshi wa vibanda ulipanda wima kama kamba. Wageni walifika na magari mawili, wakasimama juu ya jukwaa la mbao lililotengenezwa mbele ya nyumba ya maziwa ili viatu vyao visiguse umande. Watoto wakateremka. Mtu wa picha aliwatazama, akasema neno, na Donat akaligeuza kwa sauti isiyokuwa yake.

"Waketi chini. Kwa mistari. Kila mutu kikopo mbele yake."

Watoto wakaketi. Mashati yao meupe yalizama ndani ya majani hadi kifuani. Mama zao walibaki wamesimama nyuma, na Mukantwari alisimama nao, Célestin mgongoni, amefungwa kitambaa hadi shingoni. Alikuwa anasikia tena ule ukali puani, lakini mwepesi, unakuja na kupotea.

Mkubwa wa Bukavu alianza kuzungumza. Alizungumza juu ya mpango mkubwa wa miaka kumi, barabara, shule, mahospitali, na Donat akageuza. Halafu bwana wa maziwa naye akazungumza, kwa lugha nyingine, na maneno yake yakageuzwa kwa Kifaransa kwanza, kisha kwa Kiswahili, hivyo kila jambo lilichukua muda mrefu. Ndoo zilipita. Vikopo vikajazwa. Picha zikapigwa, na taa ya mashine ikameta juu ya mistari.

Yule bibi mgeni akasema jambo huku akitabasamu, na Bwana Henri akatabasamu pia.

"Anasema hajapata kuona watoto watulivu namna hii," Donat akageuza.

Ndipo Mukantwari alipotazama kweli. Watoto hawakuwa wanasukumana. Hakuna aliyekuwa amegeuka kutazama gari. Vikopo vilikuwa vimejaa mbele yao na hakuna mkono ulioviendea, na juu ya maziwa yale hapakuwa na nzi hata mmoja. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele aliinamisha kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza ardhi, na mwenzake wa pembeni akafanya vilevile. Nyuso zao hazikuwa na huzuni.

Mukantwari hakukumbuka baadaye kama alisema kitu. Alikumbuka kwamba miguu yake ilikuwa inakanyaga vikopo na maziwa yanamwagika baridi kwenye vidole. Aliwashika wawili wa karibu kwa mashati na kuwavuta, na vichwa vyao vikaning'inia. Mama wengine walisimama wakimtazama kama wamepigwa bumbuwazi. Halafu mmoja akaona, kisha wote wakaona. Bwana Henri alisema, "Weye mama, unafanya nini?" lakini Donat alikuwa amekwisha kuruka kutoka jukwaani, amemwinua mtoto juu ya kichwa chake kama mzigo wa kuni, na anapanda mawe bila kugeuka. Ndayambaje na wanaume wakashuka. Bwana Henri naye akashuka mwishowe, akabeba wawili, na aliporudi kuchukua wengine alipiga magoti katikati ya majani, akabaki pale akishangaa mikono yake, mpaka wanaume wawili wakamkokota kwa mshipi wa suruali.

Juu ya mawe watoto walilazwa. Mmoja baada ya mwingine walianza kukohoa, kisha kulia, na kilio kile kilipanda na kuenea mpaka kambi nzima ikajaa. Hakuna mama aliyepata kusikia kilio kitamu kama kile.

Marie-Louise hakulia. Alikuwa ameketi mwisho wa mstari, mahali palipobonyea zaidi, na alikuwa mfupi kuliko wenzake. Dancille alimpakata, akamtingisha, akamwita kwa majina yake yote, hata lile la utotoni. Baadaye akaanza kumfungua vifungo vya shati jeupe, kimoja kimoja, kwa sababu alikuwa ameambiwa litarudishwa.

Magari ya wageni yaliondoka. Hakuna aliyejua kama walielewa walichokiona. Mkubwa wa Bukavu aliwapandisha haraka sana, na huko Rutshuru tembo walikuwa wanangoja.

Jioni Donat alikuja kwenye kibanda cha Ndayambaje. Hakuketi.

"Mambo haya wataandika kuwa ni homa," alisema. "Halafu watafunga kambi, na batu watarudishwa ng'ambo, Rwanda, na kamyo. Kesho kutwa, pengine. Mimi kesho nitahesabu wenye kubaki. Sitauliza wenye kwenda."

"Na polisi wa daraja?" Ndayambaje akauliza.

"Kuna njia ya mulimani, ya watu wa ndizi. Haipiti darajani." Akakohoa, akavua kofia yake, akamgeukia Mukantwari. "Mama, nilijua. Nilijua na nikageuza maneno yake yote, moja moja."

Mukantwari alimpa maji, naye akanywa, akaenda.

Waliondoka alfajiri pamoja na familia nyingine chache. Mukantwari alipita kwa Dancille kumwambia wafuatane. Dancille alikuwa ameketi kando ya kilima kidogo cha mawe, maana udongo wa kuzika haukutosha na ilibidi kufunika kwa mawe.

"Nendeni," Dancille alisema. "Mimi nimekwisha kufika."

Ntirenganya aliwapokea Masisi, akawakatia kipande cha mteremko chenye baridi na udongo mweusi. Wenyeji wa Kihunde hawakufurahi kuona wengine tena wanakuja, na walisema hivyo waziwazi, lakini mwaka ule hawakuwafukuza. Ndayambaje alilima. Nyiransengimana alikufa wakati wa mvua, kwa kikohozi, juu ya mkeka wake, na hakumwona mtu yeyote aliyeketi kwa mistari; Mukantwari alimwuliza kabla hajafa.

Ilipopita misimu miwili, Leta ikawaita watu wote wa pande zile waandikishwe upya. Ofisini alikuwapo Mbelgiji mzee mwenye miwani, si mtu mbaya. Aliuliza waliingilia wapi Congo.

"Kwa kambi ya kule Lac Vert," Ndayambaje akajibu.

Mzungu alitafuta, akafungua daftari jingine, akatafuta tena. "Hakuna kambi kule," alisema kwa Kiswahili chake kizito. "Hakujapata kuwa kambi. Ni pori ya Leta." Na kwa kuwa alitaka kuwasaidia, akaandika kwamba walikuwa Masisi tangu zamani, kabla ya sheria kubadilika. Ndivyo walivyopata karatasi. Ntirenganya alichinja mbuzi.

Lakini Mukantwari hakula vizuri siku ile. Kama kambi haikuwapo, alifikiri, basi na aliyebaki kambini yuko wapi?

Wakati wa mavuno Ndayambaje alishuka na viazi vya kuuza sokoni Goma, na Mukantwari akamwomba wafuatane. Pale Lac Vert alishuka kwenye kamyo yeye na Célestin tu, kapu la maharagwe kichwani.

Vibanda vilikuwa vimeondolewa. Nyumba ya mabati ilikuwa imeondolewa. Palibaki mawe meusi, na chini yake lile bonde, majani yake mabichi kuliko zamani, yamefunika kila kitu. Ukingoni alisimama mwanamke mwembamba mwenye fimbo ndefu. Watoto wawili wa Kihunde walikuwa wanakuja na mbuzi wao, naye akapiga fimbo juu ya jiwe mpaka mbuzi wakageuka na kuzunguka.

"Dancille," Mukantwari akaita.

Dancille alimtazama Célestin kwanza, aliyekuwa anatembea kwa miguu yake, akimshika mama yake nguo. Kisha akapokea kapu.

"Wanakuja mara kwa mara," alisema, kama watu walioachana jana. "Bazungu wenye vyombo vya kupimia. Wananiuliza ninafanya nini hapa. Ninawaambia ninangojea kuambiwa."

"Wanasema hakukuwa na kambi."

"Najua. Waliniambia na mimi." Aliweka kapu chini, juu ya jiwe. "Usiku unawasikia wale wa bondeni, asubuhi kukiwa hakuna upepo unawasikia vizuri zaidi. Hawalii. Wanapiga tu vikopo, polepole."

Mukantwari alisikiliza. Maji ya ziwa dogo yalikuwa yametulia, na barabarani kamyo ya saruji ilikuwa inapanda kwa shida kuelekea Goma. Alitaka kusema kwamba hasikii kitu.

"Twende Masisi," akasema. "Tuna karatasi. Tutasema weye ni dada yangu."

Dancille alifikiri, kwa adabu, kama mtu anayepewa chakula akiwa ameshiba.

"Na mbuzi watapita wapi?" akauliza.

Wakaketi wote wawili juu ya jiwe, Mukantwari akimpakata Célestin ijapokuwa alikuwa mzito sasa, wakachambua maharagwe mpaka upepo wa ziwani ulipoanza kuvuma na majani ya bondeni yakalala upande mmoja.